Pua ya Achai

Watu wengi hapa Lodwar wakisikia unafanya kazi maabara, wanadhani kazi yako ni kupokea vikopo vya mkojo na kununa. Kununa nakubali, maana joto la mji huu linaweza kumnunisha hata malaika. Lakini kazi yenyewe hawaijui, na Achai hawamjui kabisa. Mimi namjua. Nimefanya naye kazi meza moja tangu nilipoteremka kutoka Kitale nikidhani nitakaa mwaka mmoja nirudi kwetu.

Achai ni mrefu, mwembamba, si mtu wa maneno mengi. Kwao ni Lowarengak, huko juu kando ya ziwa. Sifa yake kubwa ilikuwa pua. Sote tuna pua, najua, lakini ya Achai ilikuwa kifaa cha kazi. Alipokuwa msichana mama yake alimpa jukumu la kukagua vibuyu vya maziwa kila asubuhi. Anafungua, ananusa, anasema hiki kizuri, hiki kimeanza kugeuka, hiki mlikifukiza vibaya. Pua hiyo alikwenda nayo chuoni, na kutoka chuo akaja nayo kwetu. Tukiotesha bakteria kwenye sahani, sisi wengine tunakodoa macho. Achai anainua kifuniko, ananusa, anasema, "Huyu ni Sudomonasi, ananukia maua," au, "Protiasi huyo. Samaki ya jana." Baadaye tunafanya vipimo na inakuwa vilevile alivyosema.

Vitabu vinakataza kunusa sahani, na kila mmoja wetu aliwahi kuandika hivyo kwenye mtihani akapata alama. Halafu ukiingia kazini unawakuta wakubwa wako wananusa, nawe unanusa. Nilikuwa namtania Achai kwamba serikali iache kutuahidi mashine, ije imwekee ile pua bima.

Sasa nianze na jambo kubwa, nisije nikalaumiwa kwamba nililificha. Mwaka wa kisa hiki Achai alikuwa na mimba. Alikuwa ameshapoteza mbili, na kule Kanamkemer anakokaa na mumewe Ebenyo, majirani walishaanza yale maneno yao ya kunong'ona kwa sauti. Hii ya tatu ilikuwa imevuka pale zile mbili zilipoharibikia. Tumbo lilianza kusukuma koti jeupe. Ebenyo, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi na mtu mpole kupita kiasi, alianza kuteka maji mwenyewe na kumkataza mkewe hata kuinua sufuria. Achai alitembea polepole, kama mtu aliyejitwisha beseni la maji limejaa hadi mdomoni. Hakuna kitu kingine duniani alichokitaka. Aliniambia hivyo kwa mdomo wake, yeye ambaye huwa haniambii hata kama amekula.

Mama yake alikuwa akipiga simu kutoka Lowarengak kila mara kusema kwamba majina yako tayari. Katika ukoo wao mtoto hachaguliwi jina kabla. Akishazaliwa anawekwa titini, na bibi anaanza kuita majina ya waliotangulia, moja baada ya jingine. Lile ambalo mtoto ataanza kunyonya likiitwa, ndilo lake, mtu huyo amerudi nyumbani. Asiponyonya, bibi anaendelea kuita. Achai alipenda kusema kwamba hata sisi kazi yetu ni hiyo tu.

"Tunaita, Rael. Salmonela! Amekataa. Klebsiela! Amekataa. Tunaita mpaka moja inyonye."

Tulicheka sana na utani huo. Siku hizi sicheki.

Chupa ya damu ililetwa na gari kutoka Kakuma, kwenye zahanati moja ya kambi ya wakimbizi. Ilikuwa ya mtoto anayeitwa Guy, Mkongo, ambaye homa ilikuwa ikimpanda kila jioni na kumwacha asubuhi akiwa ameloa jasho. Alikuwa ameshanyweshwa dawa ya malaria, kisha ya taifodi, kisha ya malaria tena. Sasa miguu ilikuwa inamuuma hata hataki kusimama, na bandama imevimba. Daktari wa huko alipiga simu akasema wanashuku taifodi sugu, na akatuomba tufanye haraka kwa sababu mtoto anakwisha. Achai ndiye aliyepokea simu. Nyuma ya daktari alimsikia mama wa mtoto, Mathilde, akilia, akaomba apewe simu amsemeshe. Tangu hapo wakawa wanapigiana.

Tuliitia chupa kwenye kabati la joto tukasubiri. Kusubiri si shida kwetu. Umeme ukipotea hatushtuki sana, maana chumba chenyewe ni kabati la joto. Lakini taifodi haina subira. Kama ni yeye, kesho yake chupa inaanza kuchafuka. Hii ilikaa safi siku baada ya siku hadi mimi nikasema tuimwage.

"Ngoja kwanza," Achai akasema. "Mtoto hawezi kuwa na homa ya bure."

Ikachafuka. Akachukua tone, akalipanda kwenye sahani ya damu. Kesho yake hakukuwa na kitu. Keshokutwa yake vikatokea vidoadoa vidogo, vinang'aa, ni kama umande, ukipindua sahani vibaya huvioni. Achai akainua kifuniko na kuleta sahani puani. Akafumba macho. Akanusa.

"Nani?" nikauliza.

Akanusa tena, safari hii karibu zaidi, pumzi ndefu.

"Hana harufu."

"Kila mtu ana harufu."

"Huyu hana. Ni kama maji."

Hilo lilimsumbua. Asubuhi hiyo nzima akawa anaiweka sahani chini, anafanya kazi nyingine, halafu anairudia na kuinusa upya, utafikiri ile pua imemtukana. Yote haya juu ya meza ya wazi. Tulikuwa na lile kabati la usalama, lile lenye feni inayovuta hewa ili wadudu wasikurukie usoni, lakini feni ilikuwa imekufa kwa vumbi muda mrefu na kila tukiuliza tunaambiwa fundi anakuja. Basi sisi tulikuwa tumeligeuza rafu ya kuwekea madaftari. Na karatasi iliyokuja na chupa ilisema taifodi, na taifodi haipeperuki hewani. Kwa nini tuogope?

Akaanza kuita majina. Kwanza akapaka wadudu kwenye kioo, akawatia rangi, akawaangalia kwa hadubini. Walikuwa wekundu, wadogo mno, wametawanyika kama mchanga. Akadondosha dawa ya povu juu yao, wakatoa povu. Akawapaka kwenye karatasi ya kipimo. Karatasi ikageuka zambarau. Hapo taifodi ikatoka mlangoni, maana taifodi haigeuzi karatasi ile. Akawapanda kwenye tyubu za vyakula mbalimbali, ile ya sukari, ile ya chumvi ya kijani, ile ya mchuzi, na kwenye sahani inayopendwa na wadudu wa tumboni, tukaenda nyumbani.

Asubuhi iliyofuata sahani ya wadudu wa tumboni ilikuwa tupu. Tyubu ya sukari ilikuwa nyekundu vilevile tulivyoiacha. Ya chumvi ilibaki kijani. Kwenye mchuzi tukatia dawa, tukangoja pete nyekundu ielee juu, haikuelea. Mdudu aliwekewa kila chakula na hakugusa. Alikataa kila jina tulilomwita.

"Huyu ni mjinga au ana kiburi," nikasema.

Ilibaki tyubu moja tu, ya urea, ambayo ilikuwa imetuishia nami nikatengeneza mpya asubuhi ile. Ni ya manjano. Mdudu akiimeng'enya inageuka waridi, na wengi huchukua saa nyingi, wengine mpaka kesho yake. Achai akachovya kitanzi chake cha waya, akatia wadudu, akaitundika kwenye kishikio. Nikamimina chai. Nilikuwa bado nakoroga sukari nilipoona tyubu imeshaanza kuona haya. Nikadhani ni macho yangu. Nikaisogeza kwenye dirisha, na ikazidi kuiva mkononi mwangu mpaka yote ikawa waridi.

"Achai, njoo uone anavyokimbia huyu!"

Nilikuwa nafurahi. Nasema kweli, nilikuwa nafurahi, kwa sababu mdudu alikuwa amenyonya.

Achai akaangalia tyubu. Akaangalia sahani yenye vidoadoa. Akaketi kwenye kile kiti chetu kinachoyumba, na mkono wake ukaenda tumboni.

"Rael," akasema. "Hii ni brusela."

Kwa asiyemjua, brusela ni mdudu wa mbuzi, ng'ombe na ngamia. Mtu humpata kwenye maziwa mabichi au kwa kumzalisha mnyama mgonjwa. Ukiwa maabara, humpata kwa hewa. Anaingia kwa pua. Na Achai amekulia kwenye zizi. Hakuhitaji kitabu kumweleza brusela anamfanyia nini mbuzi mwenye mimba. Aliwaona tangu akiwa mdogo, mbuzi waliotupa mimba kabla ya wakati, akatumwa kwenda kuzika.

Nilitaka tukimbie kwa daktari saa ileile. Yeye akanyoosha mkono, akaniomba simu. Akapiga Kakuma. Mpaka leo jambo hilo linanikasirisha, na mpaka leo sijui ningemwambia nini. Akampa daktari jina la mdudu, akamtajia dawa zibadilishwe, kisha akaomba azungumze na Mathilde.

"Dada, mtoto anakunywa maziwa gani?"

Simu ilikuwa na sauti kubwa, nikasikia kila kitu.

"Ni ile ya mbuzi, mama. Kuko mama moja wa hapa, mu-Turkana, ananiletea kila asubui. Mi namupatia kilo ya unga, yeye ananipatia maziwa. Ni rafiki yangu."

"Unachemsha?"

"Kuni iko wapi, mama? Kuni ya ugali yenyewe tunagombana."

"Uchemshe. Hata kama ni ugali ndio itakosa moto, wewe chemsha. Na huyo rafiki yako umwambie, mbuzi wake ni mgonjwa."

"Asante, mama Achai. Mungu akubariki. Akupe mutoto muzima."

Achai alikuwa amemwambia habari ya mimba siku za kwanza, ili kumtuliza, mama kwa mama. Akasema amina, akanirudishia simu.

Daktari wetu alimpa rifampisini, kwa sababu ile dawa nyingine ya brusela haifai kwa mwenye mimba. Ni dawa ya rangi. Inageuza mkojo, jasho, hata machozi, vyote vinakuwa na rangi ya chungwa. Majirani wa Kanamkemer wakaona vidonge, ambavyo hata wagonjwa wa kifua kikuu humeza, na mashuka yenye madoa, wakaamua ni kifua kikuu, na wawili watatu wakaacha kuingia ndani. Ebenyo akawa anawasalimia vilevile, "Ejok, ejok-nooi," utafikiri hakuna lililotokea. Mimi ningewafungia mlango.

Nilimtoa Achai damu, nikaiotesha mwenyewe, barakoa usoni, dirisha wazi, sahani nimeifunga gundi pembeni. Nilisubiri kuliko tulivyomsubiri Guy. Haikuota kitu. Nikaisubirisha tena. Kimya. Nikambeba yule mwanamke, mrefu kunizidi na mimba juu, nikamzungusha mbele ya wagonjwa waliokuwa kwenye benchi. Kutoka Kakuma habari zilikuwa nzuri pia. Homa ya Guy ilishuka, miguu ikapata nguvu, akaanza kuwapiga wenzake. Mathilde alipiga simu akiimba.

Basi tukaamini yamepita. Dawa zikaisha. Tumbo likakua, mtoto akawa anapiga teke mpaka tunaona koti likitikisika, na mama yake Achai akasema anaanza safari, maana njia ya kutoka Lowarengak si ya kuamini na hakutaka kukuta majina yameshaitwa na mtu mwingine.

Homa ya kwanza ilikuja jioni moja, ndogo, ya kudharauliwa. Asubuhi haikuwepo. Jioni yake ikarudi. Achai hakuniambia. Niliona mwenyewe koti lake limelowa mgongoni, akiwa ameegemea meza, na viungo vinamuuma hata kuinua hadubini hawezi. Nikamshika paji la uso, naye akaniangalia. Nilimpeleka wodini nikiwa nimemshika kiuno. Nilimtoa damu tena. Nilikosa mshipa mara ya kwanza, mimi ambaye nimetoa damu mpaka kwa watoto wa siku moja bila kukosa mshipa.

Mama yake alifika wakati uchungu umeshaanza, mapema mno. Ni mwanamke mkavu, shanga shingoni mpaka kidevuni, na alikuja moja kwa moja na vumbi lake lote akakaa pembeni ya kitanda. Mtoto alizaliwa mchana. Alikuwa msichana, amekamilika kila kidole, na hakupumua.

Nilikuwepo. Niliona yule mama akimpokea mtoto kwenye kitambaa, akamfuta uso, na hata hivyo akamweka titini kwa Achai, kama ilivyo desturi. Akafungua mdomo aite jina la kwanza. Kisha akaufunga. Akabaki amemshikilia mtoto pale muda mrefu, midomo imebana, na hakuita hata moja.

Achai alilia bila sauti. Walikuwa wameshamrudishia ile dawa, kwa hiyo machozi yalitoka na rangi ya chungwa, yakaacha madoa kwenye shuka nyeupe ya hospitali.

"Rael," akasema. "Ile mdudu nilipatia jina asubuhi moja tu. Mtoto yangu hana."

Ebenyo alimzika mtoto jioni ileile, bila watu.

Chupa ya damu ya Achai ilichafuka siku chache baadaye. Nilijua kitakachotokea, lakini kazi ni kazi, na daktari lazima ajue anatibu nini. Yote yalijirudia, povu, karatasi ya zambarau, sukari isiyoguswa, chumvi iliyobaki kijani. Nikatia tyubu ya urea, nikaitundika kwenye kishikio, nikakaa mbele yake. Nikamwomba Mungu aiache manjano. Najua huo ni upuuzi, mtoto alishazikwa, lakini nilimwomba kwa nguvu zangu zote. Ikageuka mbele ya macho yangu. Nikaandika jina la mdudu, nikasaini, nikampelekea daktari.

Juma hilohilo fundi wa lile kabati la usalama akaja. Alifungua feni, akapuliza vumbi, akabadilisha kijiwaya kimoja, akafunga. Ilimchukua muda wa kunywa soda. Aliniuliza kama kuna tatizo jingine, nikamwambia aondoke kabla sijamtolea tusi.

Achai alirudi kazini alipopona. Nilidhani atahama, angalau aombe kukaa kwenye mapokezi. Akarudi kwenye meza ileile. Sahani anazifunga gundi sasa, anazishika mbali na uso, mkono umenyooka. Wanafunzi wakija kwetu kujifunza, jambo la kwanza anawaambia wasinuse, na hawaelezi kwa nini. Pua yenyewe bado anayo. Nimemwona sokoni akipita penye wauza maziwa. Anageuza uso upande wa pili na kuharakisha.

Mathilde alikuja Lodwar pale mvua chache zilipokuwa zimekatika. Daktari wa Kakuma alitaka damu ya Guy ipimwe mara ya mwisho, naye Mathilde akaomba aje naye mwenyewe, ili amwone aliyemponya mtoto wake. Aliingia na kitenge chake cha Jumapili, nywele amesuka upya, na Guy ameshikwa mkono anavuta kwenda kuona vyura wa kufundishia wanafunzi, tuliowahifadhi kwenye chupa ya dawa juu ya rafu. Guy alikuwa mnene, mashavu tele. Mathilde alimkumbatia Achai mpaka wote wawili wakapepesuka, kisha akachomoa kwenye mfuko chupa ya soda iliyojaa maziwa.

"Ni ya mbuzi ingine, muzima. Nimechemusha, mama. Nimechemusha sana, rafiki yangu alinichekelea. Ni ya mutoto wako."

Achai akaipokea kwa mikono miwili. Nilikuwa nyuma yake, nikaanza kumpungia Mathilde mkono, nikamkunjia uso ili anyamaze, maana hakuna aliyekuwa amempa habari. Hakuniona. Alikuwa anachungulia nyuma ya meza, kwenye kona, akitafuta kitanda cha mtoto au shuka iliyotandikwa chini.

"Kwani umemwacha nyumbani? Munamuita jina gani?"

Achai aliiweka chupa mezani. Aliifunga kizibo vizuri, ingawa kilikuwa kimefungwa.

"Hakunyonya," akasema.

Mathilde aliendelea kutabasamu, akingoja aelezwe, kwa sababu kwao hawana desturi hiyo. Kisha akaniangalia mimi, akaona uso wangu, na tabasamu likamtoka. Akafunika mdomo kwa kitenge. Alitaka kusema kitu, lakini Achai alikuwa ameshachuchumaa mbele ya Guy.

"Njoo, baba," alimwambia. "Angalia wale vyura. Hutasikia uchungu."

Akavaa glavu, akamfunga kamba mkononi, akapapasa kwa kidole mpaka akaupata mshipa.